Kwa Nini Sikukuchagulia Meno ya Mpira

Zaina, mama,

Umetoka sasa hivi, mlango umeupiga kwa nguvu, na unga bado haujatulia chini. Umemimina unga wangu wa muhogo kwenye sinia, vikombe viwili vizima, ukaugawa. Fungu moja ukaliacha kavu. La pili ukalimwagia maji. Mahali pa tatu ukaweka ugali wa jana uliokauka ukawa kama tofali. Halafu ukatoa vile vipande vya mpira ulivyookota karakana, kimoja cha meno marefu, kimoja cha meno mafupi, ukawa unavipitisha polepole juu ya kila fungu, umeinama mpaka unga umekushika nyusi.

"Tazama, Mama. Hii neje mupya. Hii ile inaanza kuyeyuka. Hii ile watu wameikanyaga siku nyingi. Umeona? Jino refu linachota huku, lakini huku kwa ugali linaruka-ruka tu."

Nikakugombeza juu ya unga. Ndivyo mimi nilivyo, kinywa kinatangulia. Lakini moyoni nilikuwa nasema, mtoto huyu hajaiona theluji, hiyo neje yenu, hata siku moja, na tayari ameiweka kwenye sinia akaielewa.

Ndipo ukaniambia: "Sasa we uchague. Baba mukubwa wa Kanada anangoja jibu leo. Si we ndiye fundi wa mapira hapa Buyenzi?"

Nikakujibu kwamba mambo ya theluji mimi siyajui.

"Apana, Mama, unajua. Mapira ni mapira."

"Sijui, Zaina. Niache, nimechoka."

Ukasema, "Basi. Sitakuuliza tena kitu." Ukachukua kitenge chako, ukaenda kusukwa nywele.

Kesho saa hizi utakuwa umekwisha kupanda ndege. Sitaki uondoke na neno hilo. Ndiyo sababu nimekaa hapa kwenye mkeka na hili daftari lako la zamani, naandika nyuma ya hesabu zako. Mkono wangu umezoea kisu kuliko kalamu, uvumilie maandishi. Mambo ya makoti na viatu na chakula cha huko sitayaandika, mama mkubwa Hadija atakueleza, yeye ni dada yangu na anaishi huko miaka mingi. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na moja.

Nianzie kwenye ule ujumbe wa sauti wa mume wake, baba mkubwa Selemani. Uliusikiliza mara moja ukaruka kwa furaha. Mimi nimeusikiliza mara nyingi, nikiosha vyombo, nikichambua mchele, mpaka naweza kuusema wote bila simu. Kwamba kule Kanada, kwenye karakana yake milimani, amekupatia pikipiki ya theluji ya zamani. Injini nzima, kiti kizima, ila ule mkanda mpana wa mpira unaozunguka chini na kuisukuma umekwisha meno. Na kwamba atakayeipanda ndiye achague mkanda mpya.

"Sikia muzuri, Zaina," alisema, na upepo wa huko unapiga ndani ya simu. "Huku neje si moja. Kuna ile ya baridi kali, nyepesi kama vumbi. Pale bila meno marefu unazama, unakaa humo kama kiboko. Kuna ile ya mwezi wa nne, nzito, imekunywa maji. Pale meno malaini yanalala, unataka magumu. Na kuna njia ya kila siku, imekanyagwa mupaka imekuwa simenti. Pale meno marefu hayapati neje laini ya kuyapoza, yanapata moto, yanang'oka moja moja. Tena ukichukua mukanda murefu sana, unaelea kama malkia, lakini kukata kona, utanililia. Kuna meno mafupi, kuna ya katikati, kuna marefu. Usichague kwa macho. Uniambie mbele hujapanda ndege."

Usichague kwa macho. Niliposikia neno hilo mara ya kwanza nilikuwa na sufuria mkononi, ikabidi niiweke chini.

Wewe umeshachagua moyoni, najua. Umechagua marefu. Ile picha aliyoituma, mashine nyekundu inapanda mlima na theluji inaruka nyuma kama mabawa, umeiweka kwenye simu, unaifungua kila mara. Ni nzuri, sikatai. Mimi pia nilipenda meno marefu.

Wewe unanijua kama mtu anayeuliza maswali. Mteja akija karakana, simuulizi anataka mpira gani, namuuliza unapita wapi. Wa Kiriri anashuka na kupanda lami, namwekea ulio laini, wenye mifereji ya kutoa maji. Anayekwenda Kajaga kila siku kununua samaki namwambia apunguze upepo na atafute mpira mpana, mchanga hautaki ubabe. Wa Kinanira ndiye mgumu, kwa sababu Kinanira kavu na Kinanira ya mvua ni miji miwili. Watu wanacheka, wanasema yule mama anahoji kama polisi. Hawajui nilikojifunzia. Wewe pia hujui.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba. Shule niliiachia darasa la sita. Baba yako alikuwa motari, anabeba abiria kwa pikipiki yake mwenyewe, kijana wa kucheka sana, na mimi nilikuwa mke wa nyumbani asiyejua kukaa nyumbani. Ulipoanza kutembea nikaenda karakana ya baba yangu mdogo hapa Buyenzi, ile ya kuchonga mapira. Unaijua kazi. Mpira wa gari umeisha, umekuwa kipara, unapasha kisu moto, unauchonga mifereji mipya, unarudi barabarani. Wanaume pale walinipokea kwa maneno yao.

"Mama Zaina, hiki kisu si cha kukata mboga za lengalenga!"

"Mwache, leo atatuchongea ua."

"Achonge, achonge. Nani atapanda gari lenye maua?"

Nilijifanya sisikii. Nilichonga vipande vya kutupa miezi mitatu, nikaungua vidole hivi unavyoviona, mpaka siku moja baba mdogo akachukua kazi yangu, akaishika juu mbele ya wote, akaifunga kwenye lori la mteja. Siku hiyo nilirudi nyumbani kama naruka. Tangu hapo nilianza kupenda sana kusikia kwamba mkono wangu ni mzuri. Hapo ndipo ubaya ulipoingia, lakini ulikuja umevaa vizuri.

Ulikuwa na miaka saba. Baba yako alipata kazi ya kupandisha bidhaa Bugarama na kurudi na kabichi. Msimu wa mvua. Huku mjini lami, kule juu tope jekundu, asubuhi ukungu. Mpira wake wa nyuma ulikuwa umebaki mtupu.

"Mama Zaina," akaniambia, "we si fundi? Nichongee meno ya mulimani. Marefu. Wale wa Bugarama waone muke wangu."

Sasa sikiliza jambo ambalo kila mchonga mapira wa hapa analijua. Mpira wa lori una nyama. Ukichonga, bado kuna nyama chini. Mpira wa pikipiki hauna. Ukiuchonga kidogo umefika kwenye nguo, ule uzi mweupe ulio ndani, unaoshika upepo usitoke. Baba mdogo alikuwa na sheria moja pale, wa pikipiki hauchongwi, unanunuliwa mwingine. Nilijua. Sikukosea kwa kutojua, Zaina, nilijua kabisa.

Lakini baba mdogo hakuwepo siku ile, wale wanaume walikuwepo. Na baba yako kakaa kwenye tairi la trekta, anakunywa chai, anajisifu juu yangu. "Subirini muone," anawaambia. "Huyu hana mkono wa binadamu."

Nikapasha kisu. Nikachonga. Meno yalitoka mazuri, sijapata kuchonga mazuri kama yale tena. Nikaona bado ni mafupi, nikazidisha. Nilipofika kama robo tatu ya kuzunguka, kwenye mfereji mmoja, urefu wa kidole changu kidogo hivi, nikaona weupe.

Uzi.

Niliinua macho. Mmoja wao alikuwa ananitazama, yule wa lengalenga. Anangoja tu. Kama ningesema, "Nimeharibu," angecheka mpaka Iddi. Na baba yako angecheka naye, si kwa ubaya, yeye kila kitu anacheka. Nikainama. Palikuwa na kopo la dawa nyeusi ya viatu kwenye dirisha. Nikachovya kidole, nikapaka ule uzi ukawa mweusi kama mpira wenyewe. Nikapitisha kitambaa. Nikasema, "Tayari."

Walipiga makofi. Hata yule.

Nimesimulia hapa kwa mistari michache, lakini kidole hiki bado nakijua kilivyohisi, ile dawa ilikuwa baridi na mpira bado una moto.

Alikwenda mara ya kwanza akarudi salama. Mara ya pili akarudi. Nikajiambia, unaona, umeshika. Unajua mtu anavyojidanganya, anaanza kuhesabu siku ambazo hakikutokea kitu kama ndizo ushahidi. Mara ya tatu mvua ilikuwa imeacha siku mbili, jua kali, lami imekauka na kupata moto. Meno yangu ya mlimani kwenye lami kavu, mzigo wa kabichi magunia mawili, mteremko mrefu. Baba mkubwa aliposema meno marefu yanapata moto kwenye njia ngumu, mimi sikuhitaji kuiona theluji yake.

Mpira ulipasuka kwenye kona. Alhamdulillah hakuwa na abiria, alhamdulillah upande ule ulikuwa wa ukuta si wa bonde. Goti likavunjika sehemu tatu. Unakumbuka tu kwamba nyumba ilijaa watu na kwamba mtu alikupa biskuti.

Nilipofika hospitali nilikuwa nimeshapanga maneno yote. Nilikuwa nayo mdomoni. Baba yako akafungua macho, akaniona, akasema, "Usilie. Ni mi, nilikata kona vibaya, nilikuwa nakimbiza." Akacheka kidogo. "Kabichi zilivyoteremka, Mama Zaina! Zilifika Bujumbura mbele yangu."

Na mimi nikanyamaza.

Alinipa mlango, nikapita. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nina mtoto, nina mume kitandani, na niliogopa kwamba akijua atanichukia, na watu watasema si tulisema. Siku ya pili walileta pikipiki nyumbani. Nikautoa ule mpira, nikaukata vipande vipande. Nikauangalia ule mfereji, ulikuwa umefunguka palepale, mahali pa kidole changu. Vipande vizima nikatengeneza kamba za ndala. Ulizivaa wewe mwaka ule kwenda shule. Kila asubuhi nilikuwa naangalia miguu yako ikitoka mlangoni, na kumbe ndivyo nilivyotaka, nisisahau. Au labda nilitaka tu mpira usitupwe bure. Sijui tena. Mtu akichoka muda mrefu hajui tena alitaka nini.

Tangu hapo baba yako anatengeneza redio hapo barazani na mguu wake umenyooka mbele kama wa mgeni. Anawaambia vijana wote wenye pikipiki, msikimbize, mimi nilikimbiza. Amejifanya mfano. Anasema vibaya juu ya nafsi yake mbele ya watu kwa kosa langu, na mimi nipo ndani nasikia, nakoroga uji.

Ndiyo maana leo nilipoona vile vipande kwenye sinia, na wewe unasema "We uchague, Mama," sikuona theluji. Nilimwona baba yako kwenye tairi la trekta na kikombe cha chai. Sikuwa na hasira na wewe. Niliogopa mikono yangu.

Usidhani nakuandikia ili unisamehe wewe. Hukuvunjika goti. Nakuandikia kwa sababu unakwenda kufanya kazi kati ya watu wa vyuma na mapira, wengi wanaume, lugha ngeni, na utataka wakuone. Nakujua, wewe ni mimi, ila mrefu zaidi. Itafika siku umeharibu kitu, kidogo tu, urefu wa kidole, na mtu anakutazama anangoja kucheka. Mimi sina maneno makubwa ya kukupa kwa siku hiyo. Najua tu kwamba kile kicheko nilichokikimbia kingekwisha kabla ya chai kupoa. Mpaka leo nashangaa kilikuwa kidogo namna gani.

Sasa juu ya huo mkanda. Nimekaa na sinia lako hapa mbele yangu, sijalisafisha. Nimechukua kile kipande cha meno mafupi nikakipitisha kwenye unga mkavu, kinazama, kweli. Cha marefu kwenye ugali kinaruka, kweli, na ukibonyeza sana jino linapinda kwenye shina. Umepima vizuri kuliko nilivyopima mimi. Lakini kuna kitu hukukiweka kwenye sinia, nacho ni kile ninachomuuliza kila mteja. Unapita wapi?

Baba mkubwa aliwahi kusema, si kwenye ujumbe huu, kwenye ule wa mwezi uliopita, kazi yako itakuwa kupandisha chakula na mablanketi kwenye nyumba za wageni kule juu. Njia ni moja, asubuhi inapita mashine kubwa inaisawazisha. Kwa hiyo siku nyingi ni ugali, mama. Siku theluji mpya ikianguka ni unga. Mwezi wa nne ni unga wa maji. Ile picha nyekundu yenye mabawa ni ya mtu aliyekwenda kucheza, hana mablanketi nyuma, na wewe hupiti naye njia moja. Mrudie baba mkubwa umuulize: siku ngapi ngumu, siku ngapi laini, na mzigo kiasi gani. Na umuulize kama ile ya katikati ina meno magumu ya kusimama kwenye theluji ya maji. Haipendezi, nimeiona kwenye picha aliyotuma, kama meno ya mtoto wa miaka sita. Ningekuwa mimi, ningeuliza hayo kwanza, halafu ningeelekea huko katikati. Lakini majibu yake utayasikia wewe, na atakayekuwa juu ya kile kiti ni wewe. Uchague. Ukichagua marefu baada ya kuuliza, sitakuwa na neno, na sitakasirika.

Unaona, nimekujibu. Ilikuwa si ngumu hivyo. Ilinibidi kwanza nitoe lile lililokuwa limekaa mlangoni.

Mgongo unaniuma, na karatasi zako za kusafiri zimenimaliza, miezi ile ya kusimama kwenye mistari, nenda kesho rudi kesho. Hata furaha yangu ya leo imechoka, imekaa tu pembeni inanitazama. Lakini ipo. Inshallah utafika, na utanitumia sauti, na nitasikia upepo ule ukipiga na wewe ndani yake ukicheka kama baba yako.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapa, nikuwekee barua kwenye sanduku, chini ya nguo, uisome huko mbali. Halafu nimewaza. Utaisoma huko peke yako, utajua jambo ambalo baba yako halijui, na kila ukimpigia simu itabidi na wewe upake dawa ya viatu. Apana. Hilo siwezi kukufanyia. Usiku utakaporudi na nywele zako mpya, nataka nyumba hii iwe imeshasikia. Kama atakuwa amekasirika utamkuta amekasirika, na utatuaga sote wawili tukiwa watu wa kweli. Naogopa, Zaina. Naogopa kuliko siku ile, kwa sababu siku ile sikujua atanivumilia miaka kumi na moja.

Nilikuwa nangoja amalize redio ya mteja. Nimesikia imeanza kuimba, basi amemaliza. Sasa ananiita.

"Mama Zaina! We unaandika Kurani nzima? Njoo unipe mukono, nisimame, huu mguu umelala."

Nimemwambia nakuja. Ananiuliza mbona sauti yangu iko hivyo. Nakwenda, mwanangu, sitaki nikae tena nikapoa. Nitamshika mkono, lakini simsimamishi kwanza, nitakaa naye pale chini, nimwambie Baba Zaina, ile kona hukuikata vibaya, ni mimi niliyeona uzi nikaupaka dawa ya viatu.